Foleni ya Pantoni, Kigongo

Kabla sijawaruhusu kugusa kompyuta, wanafunzi wangu wa uhandisi niliwapa dadu na punje za mahindi. Punje ni mteja, dadu inaamua afike lini na ahudumiwe muda gani, dirisha la tiketi ni moja. Walidhani dirisha likishughulika asilimia 80 ya muda au 95, tofauti ni ndogo tu. Hesabu za foleni, ambazo Mdenmaki Erlang alizianzia kwenye simu za Copenhagen mwaka 1909, zinasema vingine: kwa 80 utakuta wastani wa watu 4 pale dirishani, kwa 95 utakuta 19. Punje zilipoanza kujaa mezani, ubishi uliisha.

Ndipo tukaenda Kigongo, kivuko cha Ziwa Victoria mkoani Mwanza. Daraja la kwenda Busisi, ng'ambo, lilikuwa bado linajengwa, na magari ya Sengerema, Geita na Bukoba yalisubiri pantoni. Kila mwanafunzi alikaa na daftari, akiandika saa ya kila gari linalofika.

Modeli yao ilichukulia kwamba magari yanafika kiholela, kila moja kivyake. Takwimu zikakataa. Kimya kirefu, halafu mabasi mfululizo, halafu kimya tena. Kijana mmoja, mkali wa hesabu kuliko wote, akataka kuyafuta yale makundi.

"Mwalimu, haya yanaharibu grafu."

Mama muuza mayai ya kuchemsha alikuwa akitusikiliza, kisu mkononi. "Mwanangu, unafuta mabasi? Yametoka stendi pamoja, yatafikaje mbalimbali? Mimi kachumbari naikatia saa zao."

Kweli tupu. Enzi hizo mabasi ya mikoani yalikuwa hayaruhusiwi kusafiri usiku, kwa hiyo yalitoka kwa mkupuo kukipambazuka.

"Na yanayotoka Busisi, mama, yanafika saa ngapi?" kijana akauliza, kalamu tayari. Mimi nauli ya Coaster nikaihesabu imelipa.

Maabara wakaingiza ratiba ya mabasi, kila basi wakalipangia ucheleweshaji wa bahati nasibu. Idadi ya magari kwa siku ilibaki ileile, pantoni ileile. Lakini foleni ya asubuhi ilirefuka vibaya, ya mchana ikakaribia kutoweka. Wakagawanyika: wengine waongeze pantoni, wengine mabasi yapishane nusu saa stendi. Mkali wa hesabu alikuwa upande wa kupishana, na namba zilimbeba.

Daraja, la kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Zoezi nimelihamishia kwenye mizani ya malori, ambako ile dhana ya kufika kiholela inaukaribia ukweli zaidi.