Siku yangu moja na mkonga, kusini mwa Ujiji

Saa kumi na moja alfajiri, Kigoma bado ni usiku mzito. Wageni wa Dar hawaamini mpaka waone: Novemba hii jua letu linachomoza saa kumi na mbili na nusu na ushee, na jioni inapokaribia saa moja bado linaning'inia juu ya milima ya Kongo. Tuko magharibi kabisa mwa nchi, lakini saa tunayoisoma ni moja na ya Dar. Naanza na hilo kwa sababu kazi yangu ni kupeleka watu nje ya mji kwa gari na kuwalaza salama kwenye hema, na kazi hiyo yote inakwenda na mwanga.

Gari ni Land Cruiser hardtop, lile watu wanaloita mkonga kwa ajili ya bomba la hewa lililopanda pembeni ya kioo cha mbele. Jumamosi iliyopita, kama kila siku ya safari, nililizunguka na tochi. Maji ya rejeta, oili, mkanda wa feni, kisha nikalala chini kutazama springi. Nikapakia spea mbili, jeki ndefu, koleo, vipande viwili vya mbao ya mninga, kamba ya kuvutia, pampu ya upepo na madumu ya maji ya kunywa. Wengi huniuliza kwa nini sina winchi. Winchi inataka mti wa kufungia, na mchangani miti iko wapi? Koleo na mbao zimeshanitoa mahali ambapo nilikwisha kukata tamaa.

Saa kumi na mbili na robo nilikuwa mwaloni Kibirizi. Usiku ulikuwa wa giza bila mwezi, na giza ndilo wavuvi wa dagaa wanalolitaka, maana taa zao ndizo zinazowaita samaki. Mitumbwi ilikuwa inarudi. Nilitaka samaki, migebuka, kwa chakula cha jioni.

"Mwakeye, mama," nilimsalimia muuza samaki kwa Kiha.

"Mwakeye. Shika mwenyewe, mwanangu, funua matamvua uone."

Nikafunua. Mekundu kama damu iliyomwagika sasa hivi, na ngozi bado ina ule mng'ao wa buluu unaopotea jua likipanda. Nikachukua sita, nikawafunga kwenye jani la mgomba na kuwalaza juu ya barafu.

Hapo hapo Kibirizi ndipo zinapoondokea boti za kwenda Gombe, hifadhi ya sokwe. Familia niliyoichukua saa moja hotelini, baba, mama na watoto watatu, ilikuwa imeniomba kwanza niipeleke Gombe kwa gari. Kila mwezi napokea ombi hilo. Hakuna barabara ya kufika kule, ni kwa maji tu. Lakini Kigoma siyo sokwe peke yao, na ninachokipenda mimi ni upande wa kusini, ambako watalii ni wachache na ziwa ni lilelile, Tanganyika.

Ujiji tulisimama muda mfupi kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, watoto wakahesabu miaka tangu wawili hao wakutane hapo, 1871. Mimi huwa nawaambia wageni watazame upande wa pili pia, mashariki. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora iliishia hapa, na watu waliitembea kwa miguu miezi mingi, wengine wakiwa wamefungwa minyororo. Mama wa watoto alinyamaza kidogo, kisha akaomba tuondoke.

Baada ya bonde la Luiche na mashamba yake ya mpunga tulipita Simbo, tukashika njia ya Ilagala. Udongo wa bondeni ni mfinyanzi. Ukikauka ni kama saruji, ukipata mvua ya nusu saa unakuwa sabuni. Usiku wa kuamkia siku hiyo ilinyesha upande huo, nikawa nasimamisha bodaboda waliotoka mbele yetu na kuwauliza. Ramani ya simu haijui mvua ya jana. Kijana aliyepita asubuhi na gunia la mkaa anaijua.

Saa tano tulikuwa kando ya Malagarasi, Ilagala, michikichi kila upande na harufu ya mawese yanayochemshwa. Mto ulikuwa mpana na wa rangi ya kahawia. Maji haya yanatoka kwenye ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, ambayo mwaka 2000 ilikuwa ya kwanza Tanzania kuandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu. Nikawaonyesha watoto nyayo za kiboko kwenye tope: vidole vinne vilivyotawanyika, na pembeni nyasi zimekatwa chini kabisa kama zimepitiwa na fyekeo. Kiboko hutoka usiku kula na hurudi kwa njia ileile. Ukipiga hema kwenye njia hiyo, au ukasimama kati yake na maji, umejitafutia kifo. Mamba nao wapo, kwa hiyo hakuna aliyekwenda hata kunawa mikono.

Tulikula chapati na chai ya chupa, tukaondoka saa saba kuelekea ufukwe niliokuwa nimeupanga kwa kulala.

Kabla ya kufika kuna kijito. Siku nyingine nakipita bila hata kushuka. Safari hii nilizima gari, nikavua viatu, nikaingia na fimbo. Maji yalinifika magotini tu, lakini fimbo nilipoikandamiza chini ilizama mpaka nusu, na kuichomoa ikawa kazi. Nikajaribu hatua tatu kushoto, hatua tatu kulia. Ni vilevile.

"Dereva, gari hili si lina mkonga? Tupite tu," baba alisema.

"Mkonga unaisaidia injini kupumua, mzee. Tairi hauisaidii kushika."

Hakufurahi. Ufukwe ulikuwa unaonekana kwa mbali, mweupe, na watoto walikwisha kuuona. Namwelewa. Miaka miwili iliyopita nami nilikuwa na wageni wenye haraka kwenye kijito cha namna hiyo, saa kumi na moja jioni, nikaingia. Tulilala ndani ya gari limeinama, maji yakipita chini ya milango, na mama mmoja mjamzito akitetemeka kwa baridi mpaka asubuhi wanakijiji walipokuja kutuvuta. Tangu siku hiyo nina saa yangu. Ikifika saa tisa na sijaona mahali pa kulala, sitafuti tena njia ya mbele. Nageuza.

Nikageuza.

Saa kumi na nusu tulifika kijiji kingine, nikaenda kwanza kwa mwenyekiti. Pwani hizi zina wenyewe, na kupiga hema bila kuaga ni kuingia nyumba ya mtu bila hodi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mko wangapi?"

Akatupa kijana wa kutuonyesha mahali palipoinuka, maana miaka hii ziwa limekula fukwe nyingi. Kutoka njia kuu hadi pale ni mchanga mtupu. Nilifunga habu za mbele, nikaingiza fowili ili tairi zote nne zivute, na kabla ya yote nikatoa upepo. Kila tairi ilikuwa na upepo wa psi 36, nikashusha mpaka 20. Tairi iliyojaa ni kama jembe, inachimba. Iliyolegea inatandaza unyayo kama ngamia, na gari linaelea juu. Mtoto mkubwa alishika geji, tukahesabu pamoja mshale ukishuka, na tulipofika ufukweni bila kukwama hata mara moja alikuwa na furaha kama yeye ndiye aliyeendesha.

Kabla ya kuzima injini niligeuza gari, pua ikatazama tulikotoka.

Saa moja usiku jua lilizama nyuma ya Kongo. Migebuka ikawa juu ya mkaa, pilipili na chumvi ya Uvinza tu, na ugali wa muhogo. Ziwa lile lina kina cha mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa. Baba alikaa muda mrefu anatazama giza lake, mpaka taa za wavuvi zilipoanza kuwaka moja moja, zikawa mstari mrefu.

"Ningekulazimisha kupita pale, tusingeona hivi," alisema.

Saa sita usiku radi ilipiga upande wa Kongo, na mvua ikafika dakika chache baadaye. Nilitoka nikakaza kamba za mahema, nikahakikisha watoto hawaloi, nikaingia kwenye gari na tochi yangu. Kijito kile sasa kilikuwa kinajaa.