Vipande 13 Visivyoandikwa kwenye Boksi: Uzoefu Wangu wa Kujitolea Katika Mashindano ya Jigso

Nilipoandika jina langu katika orodha ya watu wa kujitolea kwenye mashindano ya jigso, rafiki aliyenishawishi aliniambia kwamba kazi yenyewe ni nyepesi: unasimama kando ya meza, unawatazama watu wakiunganisha vipande vya picha, na anayenyoosha mkono unamwandikia muda wake. Ushauri huo ulikuwa mbovu kiasi kwamba ningependa kumrudishia autumie yeye mwenyewe. Anayemaliza picha hamsumbui mwamuzi hata kidogo. Wanaosumbua ni wale ambao muda unakwisha picha ikiwa na tundu katikati, nao katika mashindano niliyosimamia ndio waliokuwa wengi.

Niseme mapema kwamba sikwenda kushindana kwa sababu najijua. Katika mashindano ya dunia, ambayo yalifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2019 mjini Valladolid, Uhispania, na kurejea huko mwaka 2022 baada ya kukatizwa na UVIKO-19, mshindani wa peke yake hupewa picha ya vipande 500, na mabingwa huimaliza kwa muda usiofika saa moja. Mimi picha ya ukubwa huo hunichukua mwisho wa juma mzima, na kipande cha mwisho mara nyingi nakikuta chini ya kiti. Lakini macho yangu ni mazuri, miguu inavumilia, na nilidhani hayo yanatosha. Gharama yangu yote ilikuwa nauli na jozi ya viatu vya kusimamia kutwa, ambavyo bei yake sitaitaja kwa kuwa hata nyumbani sijaitaja.

Kazi ya asubuhi ilipita bila tatizo. Picha huwa ni ileile kwa wote na hakuna anayeruhusiwa kuiona kabla ya ishara, kwa hiyo tuligawa maboksi yakiwa ndani ya mifuko isiyoonyesha kilichomo, kila meza na namba yake. Kosa langu la kwanza lilikuja dakika chache baada ya saa kuanza kuhesabu. Nilikuwa nimeshauriwa nitembee kati ya meza mara kwa mara ili washindani wajue kwamba mwamuzi yupo, nami nikatembea kwa bidii ya askari wa zamu, hadi mama mmoja mtu mzima, bila kuinua uso, akaniambia, "Mwanangu, unaniziba mwanga." Kumbe taa zilikuwa nyuma yangu, na kila nilipopita nilikuwa nikimwaga kivuli juu ya anga la picha yake, sehemu ambayo vipande vyote ni vya buluu na tofauti yake huonekana kwa shida hata pasipo kivuli. Nilimwomba radhi na kurudi ukutani. Tangu siku hiyo, kabla washindani hawajaingia, huzunguka kila meza nikitazama kivuli changu kinaangukia wapi.

Dakika 90 zilipokwisha, kengele ikalia na mikono yote ikatakiwa kuondoka mezani. Kanuni zetu zilisema kwamba kwa wasiomaliza, mshindi ni aliyepanga vipande vingi zaidi, na kwamba kipande kilichounganishwa na mwenzake hata kimoja kinahesabiwa kuwa kimepangwa. Mwamuzi aliyetufundisha asubuhi alikuwa ametupa njia ya mkato: tusijichoshe kuhesabu vilivyopangwa, bali tuhesabu vilivyobaki, tutoe katika 500, tuandike jibu. Niliipenda njia hiyo kwa sababu ilinipa nafasi ya kujionyesha. Niligeuza mfuniko wa boksi, nikapanga vipande vilivyobaki kumi kumi kwa safu kama mtu anayehesabu sarafu, na nikawa namaliza meza mbili wakati mwenzangu bado anahangaika na moja. Kwa kuwa hesabu ya kutoa haijawahi kuwa rafiki yangu tangu shuleni, niliandika namba ya vilivyobaki katika kona ya kila karatasi ili mtu mwenye akili zaidi aweze kunihakiki baadaye. Jambo hilo nililifanya kwa aibu, nikiziba kona kwa kidole.

Yule mama wa kivuli alibakiwa na vipande 61, nikamwandikia 439. Alitazama karatasi yake, kisha akatazama ya jirani yake, ambaye alihesabiwa na mwenzangu, akaniita kwa upole ulionitia hofu zaidi ya ukali. "Mwanangu, mimi vimenibakia 61 na jirani yangu vimembakia 66. Imekuwaje yeye aliyebakiwa na vingi aandikiwe 447, yaani amepanga vingi kuliko mimi?"

Sikuwa na jibu, kwa hiyo nilifanya lile linalofanywa na kila asiye na jibu, nikahesabu upya. Vilikuwa 61. Nikahesabu mara ya tatu, 61. Nikamgeukia mwenzangu nikiwa na hakika kwamba yeye ndiye aliyekosea, kwa sababu alikuwa amepuuza njia ya mkato na kuhesabu kimoja kimoja vile vilivyopangwa. Tulihesabu pamoja, tukapata 447. Tukajumlisha na 66 vilivyobaki, tukapata 513. Hapo ndipo nilipotoa nadharia ambayo hadi leo nachekwa kwayo: nilitangaza, kwa sauti iliyosikika meza kadhaa, kwamba jirani amechukua vipande 13 vya mtu mwingine. Nikaanza kuzunguka ukumbi nikiuliza ni nani aliyepungukiwa vipande 13. Hakuna aliyepungukiwa, na wawili waliokuwa wamemaliza picha zao waliniangalia kwa huruma.

Niliporudi, mama alikuwa amesimama kwenye meza ya mmoja wa hao waliomaliza, akipitisha kidole ukingoni mwa picha nzima. Alihesabu vipande 27 kwa upande mrefu na 19 kwa upande mfupi, kisha akanipa kalamu nizidishe mwenyewe. Nilipata 513. Boksi linasema 500 kwa sababu ni namba nyepesi kusemwa na kuuzwa. Kiwanda chenyewe hukata kwa safu, kikitafuta idadi ya safu za ulalo na za wima itakayokifanya kila kipande kikaribie kuwa mraba. Kwa picha ndefu kidogo, 27 kwa 19 huleta vipande vya umbo zuri kuliko 25 kwa 20. Si picha zote za 500 zilizo hivyo, nyingine zina 500 kamili, na hapo ndipo mtego ulipo. Jigso za mwanzo, zile ramani ambazo mchora ramani John Spilsbury wa London alizibandika juu ya mbao na kuzikata katika miaka ya 1760, zilifuata mipaka ya nchi na hazikuwa na safu za kuzidisha. Ningefanya kazi enzi hizo ningelazimika kuhesabu kimoja kimoja tangu mwanzo, na fedheha hii isingenipata.

Kwa hiyo mama alikuwa amepanga 452, mbele ya jirani yake kwa vipande vitano. Kila karatasi iliyotumia njia ya mkato ilikuwa pungufu kwa 13, na zile zilizohesabiwa kimoja kimoja zilikuwa sahihi. Tatizo likawa kujua ipi ni ipi. Hapo udhaifu wangu wa hesabu ukageuka dawa, kwa sababu karatasi zangu zote zilikuwa na namba ya vilivyobaki kwenye kona, nikaziongezea 13 moja baada ya nyingine huku nimeinua kichwa. Waamuzi wawili hawakukumbuka wametumia njia gani, ikabidi warudi mezani. Bahati yetu ni kwamba ubishi ulikuwa umewavuta watu, na washindani wao walikuwa wamesahau kubomoa picha na kuzirudisha kwenye maboksi. Dakika kumi zaidi na tungekuwa tunatafuta ushahidi ndani ya mifuko. Ukiwa mwamuzi, basi, usimruhusu mtu kubomoa mpaka karatasi yake imesomwa na kukubaliwa naye, hata kama ana haraka ya basi.

Kipande kinachopotea ni habari nyingine, nayo ilinikuta katika mashindano yaliyofuata. Mshindani alinyoosha mkono akiwa amebakiza tundu moja tu na hana cha kuliziba. Niliandika muda alionyoosha mkono kama kanuni zetu zilivyotaka, kisha upekuzi ukaanza: chini ya meza, mapajani, ndani ya kunjo za boksi, kwenye mikono mirefu ya sweta, maana kipande cha kadibodi hung'ang'ania sufi kama mbegu za majani makavu. Nilivua hata viatu vyangu vile vya bei isiyotajwa nikakagua soli. Hakikuonekana, na wenzangu wakaanza kusema kwamba boksi limetoka kiwandani likiwa na upungufu.

Mimi nilikumbuka kwamba nakala zote za picha moja kwa kawaida hukatwa na kalibu ileile ya chuma, nyembe zilizokunjwa na kushikizwa kwenye ubao, ikigandamizwa juu ya kadibodi mara maelfu. Maana yake ni kwamba kipande cha meza ya 22 kinaingia barabara katika picha ya meza ya 23, kikiwa na rangi ileile na ndimi zilezile. Niliacha kutafuta sakafuni, nikasubiri jirani naye amalize. Alipomaliza, picha ikiwa imejaa pande zote, mkononi alibaki na kipande kimoja kisicho na pa kwenda, akawa anakigeuzageuza kwa mshangao. Alikuwa amekiokota chini akidhani ni chake. Nilikichukua kwa vidole viwili, nikavuka hatua tatu, na kikaingia kwenye tundu kwa mlio mdogo ambao nilihakikisha kila mtu ameusikia. Tangu hapo husisitiza kwamba kinachookotwa sakafuni apewe mwamuzi, mshindani asikiweke mezani kwake hata kama ana hakika ni chake.

Njia ya mkato nayo bado naitumia, ila kwa masharti yangu. Mtu wa kwanza kumaliza ndiye mizani yangu: nikishamwandikia muda wake, napitisha kidole kwenye ukingo mrefu na mfupi wa picha yake, nazidisha namba hizo mbili kwa kalamu, narudia kuhakiki, na kuandika idadi halisi juu ya karatasi za waamuzi wote kabla kengele ya mwisho haijalia. Akikosekana wa kumaliza, namtafuta aliyekamilisha angalau ukingo, kwa kuwa ukingo unatosha. Hakuna kabisa? Basi tunahesabu vilivyobaki na kulinganisha hivyo hivyo, aliyebakiwa na vichache yuko mbele, na 500 haiguswi na mtu.

Mwamuzi aliyetufundisha siku ile ya kwanza nilikutana naye tena kwenye shindano la timu za watu wanne, ambapo boksi lilisema vipande 1000. Alinikuta nimeinama juu ya picha ya timu iliyomaliza, kidole kikitembea ukingoni, akaniuliza kama ninapima meza nikainunulie kitambaa. Nilimwonyesha karatasi iliyoandikwa 38 kwa 27 na kumkabidhi kalamu. Alizidisha, akapata 1026, akarudia, akapata 1026, kisha akaenda moja kwa moja hadi ubaoni kufuta namba aliyokuwa ametuandikia asubuhi.