Laki mbili za risasi

Jumamosi iliyopita, kwenye kikao cha harusi ya binamu yangu hapa Kirumba, mtu mzima mmoja alisimama mbele ya watu akasema juu yangu: "Laki mbili za risasi anazo, mchango wa harusi hana." Watu wakacheka. Mchango wangu niliutuma tangu Machi na mweka hazina ana jina langu daftarini, kwa hiyo hilo nililiacha lipite. Kilichonichoma ni alichoongeza akiwa anakaa: "Kwani risasi si risasi tu? Wazungu wanawaibia hela."

Nimekaa nalo siku tano, nimeshindwa kulimeza.

Kwa wasionijua, naishi Kodiak, kisiwa cha Alaska. Hapa Mwanza nilikuwa nachuna minofu ya sangara kiwandani, na kule nimeendelea na kisu kilekile, samaki ndiye aliyebadilika. Kisiwa kina dubu wa kahawia wapatao 3,500, na dume kubwa huweza kupita kilo 600. Bei ya nyama dukani sitaki hata kuitaja. Wafanyakazi wengi wa hali yetu tunajaza friza kwa kuwinda kulungu, na dubu wa kule wamejifunza kwamba mlio wa bunduki maana yake kuna nyama mahali.

Novemba ya mwaka wangu wa pili tulitoka wawili, mimi na mwenzangu wa kazini, Mfilipino. Kulungu alikuwa ameshaanguka, mimi nimepiga magoti na kisu mkononi. Vichaka vya kule vimesongamana kama matete ya ziwani upande wa Magu, hatua kumi mbele huoni kitu. Nilisikia pumzi kwanza. Nzito, ya kukoroma, na matawi yakavunjika. Kichwa kikatokeza, halafu mabega, hatua kumi na mbili kutoka nilipo. Nilinyanyuka na bunduki, tukarudi nyuma taratibu huku mwenzangu akimsemesha kwa sauti ya chini, tukamwachia kulungu mzima. Hakutufuata.

Usiku ule mwenzangu akaniuliza nilikuwa nimeweka risasi gani. Nikamtolea mezani: greni 150, boksi la bei ya chini kuliko yote. (Greni 15 na ushee ndiyo gramu moja, kwa hiyo sema gramu kumi hivi.) Akaigeuza moja vidoleni, akaniambia kwa upole, "Kaka, hii ingepasukia juu ya bega lake."

Sikuelewa. Nilidhani karibu ndiko risasi inakoua vizuri, maana ina nguvu zote. Nguvu inazo kweli, na hizo hizo ndizo zinazoivunja. Risasi ya kulungu ina koti jembamba la shaba na ndani madini laini. Ikifika mita 200 kasi imeshashuka, inafunguka kama uyoga, kazi imekwisha. Lakini kwenye hatua kumi bado inakwenda mita 880 hivi kwa sekunde. Ikigonga mfupa wa bega nene la dubu, koti linaachana na kiini, vipande vinatawanyika kwenye nyama ya juu, moyo na mapafu havijaguswa. Na dubu anakimbia zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Hatua kumi na mbili ni chini ya sekunde moja.

Nilijaribu mwenyewe. Nililoweka magazeti usiku kucha, nikayafunga kwa kamba, nikapiga kwa bunduki yangu ya .30-06 (hiyo ni saizi ya risasi inayoingia) kutoka hatua kumi na tano. Ile ya bei nafuu nilipoitafuta nilikuta vipande vyembamba vya shaba vimetapakaa kama magamba ya samaki. Ya greni 200 yenye ukuta wa shaba katikati ilikwenda mbali zaidi sana, na nilipoipima mizani ilikuwa imebaki karibu theluthi mbili ya uzito wake. Pua imefunguka, nusu ya nyuma imesimama nzima.

Ukuta huo alioubuni ni John Nosler, baada ya risasi zake kumshinda musi (jamii ya kulungu, mkubwa kupita ng'ombe) huko Kanada mwaka 1946. Leo kuna na nyingine, za shaba tupu, na zile ambazo kiini kimeunganishwa na koti kwa moto. Zote zinatafuta jambo moja: kuvunja mfupa na kuendelea kwenda ndani. Watafiti wa misitu wa Marekani walizipima bunduki na risasi huko Alaska kwa umbali wa yadi 15 tu (kama mita 14), wakatoa ripoti mwaka 1983. Zilizokaa juu ni bunduki za saizi kubwa, .458 na .375, lakini .30-06 nayo waliihesabu ya kufaa ikibeba risasi nzito ya greni 220. Ndiyo maana sikununua bunduki kubwa nisiyoiweza. Bunduki inayokufanya ufumbe macho kabla ya kuvuta haitakusaidia kichakani. Nilibadilisha risasi. Dola 80 kwa boksi la 20, ndizo hizo laki mbili. Na kiunoni nina kopo la pilipili ya kupuliza, ambalo mara nyingi ndilo linalotosha.

Vijana mnaoniandikia kutaka kuja: kama uko kwa viza ya masomo au ya matembezi, usishike bunduki ya mtu hata kwa kupiga picha mpaka umeuliza mwanasheria. Sheria ya Marekani inakataza, isipokuwa kwa hali chache, na kosa hilo linaweza kukurudisha nyumbani. Na ukimuua dubu kwa kujiokoa, ngozi pamoja na kucha na fuvu ni mali ya serikali. Unachuna, unapeleka, unaandika maelezo.

Jana asubuhi nilikwenda kumsalimia mjomba Igogo. Alikuwa askari wa wanyamapori, miaka mingi akiitwa Sengerema na Geita viboko wakivamia mashamba. Nikamsimulia kikao, nikamwonyesha picha ya ile risasi ya greni 200 kwenye simu. Akavaa miwani, akaivuta picha kwa vidole viwili mpaka ikajaa kioo.

"Sisi kwa kiboko tulipewa ngumu tupu, haifunguki," akasema. "Unampiga kichwani, inapita. Hii imefunguka halafu imebaki. Uzito umebaki kiasi gani?"

"Theluthi mbili, mjomba."

Akanyamaza akiitazama. "Na ya pili nyuma yake, umeweka ipi?"

"Hiyohiyo. Zote nne."

"Sawasawa, mpwa wangu," akasema, akanirudishia simu, akamwita shangazi alete chai.