Tafakari ya juma: Chuma cha Mbozi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu ni Zaburi 147:3-4.

Mstari wa tatu, Mungu anawaganga waliopondeka moyo. Wa nne, anazihesabu nyota na kuziita kwa majina. Tangu shule ya Jumapili nimekuwa nikiona kama mtunga zaburi karuka mto bila daraja. Jeraha na nyota, wapi na wapi?

Jumamosi tulikwenda na vijana wa usharika kukiona Kimondo cha Mbozi, lile jiwe la chuma lililoanguka kutoka angani, kusini magharibi mwa Tanzania. Tani kama 16, karibu chuma kitupu na nikeli kidogo, metali nyingine. Dada mmoja wa jumuiya yetu, mjamzito wa miezi saba, aliweka kiganja pale kilipokatwa kwa msumeno. "Baridi kama sufuria iliyolala nje!" akasema.

Kilipikwa wapi chuma hiki? Sehemu kubwa ya chuma ya ulimwengu imetoka kwenye supanova, nyota zinazolipuka, hasa zile za vibete vyeupe. Kibete cheupe ni kiini cha nyota iliyomaliza kuni zake: ukubwa wa Dunia, uzito unaokaribia wa Jua. Kikiwa peke yake hupoa tu, kama mkaa ulioachwa jikoni usiku. Kikiwa na mwenzake, mambo hubadilika. Huenda kikamnyonya gesi mpaka kikakaribia mara 1.4 ya uzito wa Jua, kikalipuka. Au vibete viwili huzungukana vikisogeleana kidogo kidogo kwa mamilioni ya miaka, hadi vigongane. Njia ipi hutokea zaidi, wanafalaki wangali wanabishana. Kikomo hicho cha mara 1.4 alikipigia hesabu kijana wa Kihindi, Subrahmanyan Chandrasekhar, akiwa melini kwenda Uingereza mwaka 1930, mwaka uleule kimondo chetu kilipoingia kwenye kumbukumbu za wataalamu.

Mlipuko huzaa nikeli isiyotulia. Nikeli hugeuka kobalti, kobalti hugeuka chuma, na mng'ao tunaouona kwa majuma kadhaa hutokana na kugeuka huko.

Sitahubiri kwamba nyota ilijitoa sadaka. Mahubiri ya namna hiyo hunichosha. Nyota haina moyo, ina uzito tu. Kinachonishika ni kwamba Anayezihesabu hakuziruka zilizozimika.

Tukirudi, garini, dada yule alitoa vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki. Mimba mbili za kwanza ziliharibika. Wengi wetu tulikaa naye sebuleni siku zile, hakuna aliyekuwa na la kusema. Nikamwambia ndani ya kidonge kile mna madini ya chuma, ndugu wa lile jiwe. Akakitazama kiganjani.

"Kumbe na hiki kimetoka juu?"

"Kimetoka juu."

Akakimeza, akaomba maji zaidi.

Kliniki yake ni Ijumaa. Tumkumbuke kwenye maombi ya Jumatano.