Bi Mkubwa na ramani

Jambo lenyewe dogo lakini nimelala nalo nimeamka nalo. Bi Mkubwa wa ofisini mnamjua, hana maneno mengi. Juzi kaja mezani kwangu, kashika mausi, kaiburuta ramani ya Pemba kwenye programu nilotoka kuirekebisha, toka Mkoani mpaka Konde, nayo ikamfuata mkono bila kupepesa. Akairudisha tena mpaka Mkoani. Halafu akanambia, "Kumbe ilikuwa yawezekana siku zote?" Nkamjibu, "Ndiyo Bi Mkubwa." Akaenda zake kuswali.

Sasa pale kanishukuru au kanilaumu? Programu hii mie nimeirithi jamani. Alokuwa akiishughulikia mwanzo aliandika kila mausi ikisogea kidogo tu ramani nzima ichorwe upya, ufukwe, vijiji, mashamba yote ya mikarafuu, na kabla ya kuchora Windows inapaka nyeupe dirisha zima, ndo ile kupepesa ilokuwa ikimuumiza macho. Tena ndani ya luupu, yaani amri zinazojirudia kwa kila shamba, kila moja linaundiwa kalamu yake ya kuchorea na fonti yake, kisha vinatupwa, maelfu ya mashamba, wallahi nilishika kichwa! Skirini ya hezi 60, yaani inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde, inakupa milisekunde 16 na ushei kwa kila picha, zote zinaishia kwenye fonti.

Mie ramani naichora mara moja tu kwenye picha ilokaa memori, kubwa kuliko dirisha, ukiburuta inanakiliwa kipande kinachoonekana basi. Ukigusa shamba, kinachorwa upya kijisanduku chake tu. Kalamu na fonti zinaundwa programu ikifunguka. Na DoubleBuffered, ile ya kuchora kwanza memorini kisha kuonesha picha nzima kwa mpigo, nkaiweka true, kitu kipo kwenye Windows Forms, zana za Microsoft za kuundia madirisha ya programu, tangu .NET 2.0 ya 2005, mstari mmoja!

Harusi ya dada imepita salama, umeme ulikatika usiku wa hina, lakini mie hata kwenye biriani nilikuwa namsikia Bi Mkubwa tu, "siku zote?"

Leo asubuhi naingia ofisini namkuta kamkalisha bwana shamba kwenye kiti changu, anamwambia, "Buruta mwanangu, buruta usiogope, kijana wetu kaitengeneza." Kijana wetu! Nlisimama mlangoni nikacheka peke yangu, programu hii nitaitunza mpaka mwisho.

Ila Wete nasikia mvua imeanza, na karafuu za babu bado mbichi ziko kwenye majamvi, napiga simu tangu adhuhuri hapokei mtu.