Ukurasa wa njia ya Machame

Aprili 24, 2012 Google ilitoa badiliko la namna inavyopanga tovuti, lililoitwa Penguin, na muda si mrefu ofisi yetu ya Moshi, ya kampuni ya kupandisha wageni Kilimanjaro, ikapoa. Masika yalikuwa yamekolea, na huo ndio wakati ambao wageni wa Juni hadi Oktoba huulizia bei. Barua pepe zilizokuwa zikiingia kila asubuhi zikawa za kuhesabu kwa vidole. Ukitafuta safari za Kilimanjaro, kampuni yetu haikuonekana ukurasa wa kwanza, wala wa pili, wala wa tatu.

Nilikuwa nimeajiriwa kushika tovuti baada ya mkandarasi aliyeijenga kumaliza mkataba wake. Nikafungua Webmaster Tools, zana ya Google ya wenye tovuti, nione ni nani wanaoweka linki za kuja kwetu. Orodha ile ilinikata maini. Linki kwa mamia kutoka tovuti za kamari, za dawa za kupunguza unene, na nyingine zisizo na kitu chochote ila linki tupu. Karibu zote zilibeba maneno yale yale: kupanda Kilimanjaro kwa bei poa. Zilinunuliwa kwa mafungu, hilo halikuhitaji mpelelezi. Mtu anayekutaja kwa hiari yake huandika jina lako, au "hawa jamaa wa Moshi", au hubandika anwani peke yake. Watu mia hawawezi kukutaja kwa sentensi moja ya tangazo. Penguin ilitengenezwa kukamata ujanja wa namna hiyo.

Nikamweleza Mama, mwenye kampuni. Akavua miwani.

"Sasa mwanangu, kama linki ndizo zimetuponza, si tuachane nazo? Kizuri chajiuza."

"Shikamoo yako Mama, lakini huku hakijiuzi mpaka mtu akionyeshe," nikamjibu. Nikamweleza jinsi waanzilishi wa Google, Larry Page na Sergey Brin, walipokuwa wanafunzi Stanford miaka ya 1990, walivyochukua desturi ya vyuoni: andiko linalotajwa na maandiko mengine yenye heshima ndilo lenye uzito. Kwenye Google, linki ni kutajwa. Sisi tulikuwa tumetajwa na watu wasiotujua, kwa malipo.

"Na wanaotujua ni nani?"

"Waliopanda na mzee."

Mzee ni mwongozaji wetu mkuu. Alianza akiwa mgumu, kama tunavyowaita wapagazi huku, akibeba mizigo ya watu mpaka akapata leseni ya kuongoza. Ukurasa wetu wa Machame, moja ya njia za kupanda Kilimanjaro, ulikuwa na aya mbili za sifa na picha ya machweo. Mtu akiusoma haambulii kitu. Jioni moja nikamwomba akae nami anisimulie njia ile kama anavyomsimulia mgeni mwenye hofu. Alichukua boksi la karatasi za printa, akalichana ubavu mmoja, akachora mstari unaopanda na kushuka. Penye kilele kimoja cha katikati akagonga kalamu.

"Hapa Lava Tower, karibu mita 4,600. Mgeni anakula chakula cha mchana hapa, kichwa kinamgonga, anadhani ameshindwa. Halafu tunamshusha Barranco, chini ya mita 4,000, analala. Asubuhi anaamka mzima. Panda juu, lala chini. Andika hiyo kwanza, kijana, usianze na machweo."

Nikaandika. Akaeleza maji yanachotwa wapi na wapi hayapo, kwa nini kambi ya Barafu ina upepo wa kung'oa hema, kwa nini safari ya kwenda kilele cha Uhuru, mita 5,895, huanza usiku. Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimelisoma kwenye tovuti ya kampuni yoyote wakati ule: mgeni akianza kuyumba kama mlevi kwa sababu ya urefu wa mlima, akashindwa kutembea mstari ulionyooka, hakuna mjadala wala kungoja kupambazuke, ni kumshusha saa hiyo hiyo. Niliiweka juu kabisa ya ukurasa, na mchoro wake wa boksi nikaupiga skani jinsi ulivyo.

Kuandika peke yake hakutoshi. Nikaanza kutafuta watu ambao ukurasa ule ungewafaa kweli, na nilimwandikia kila mmoja barua yake. Nilikuwa nimesoma kwamba chama cha wapanda milima cha chuo kimoja cha Scotland kilikuwa kinajiandaa kuja. Nikawaambia tu kwamba kuna maelezo haya, yameandikwa na mtu anayeijua njia, wayatumie wapendavyo. Sikuomba linki. Walijibu kwa swali: wapagazi wenu hubeba kilo ngapi? Nikampelekea mzee. Akasema wajibiwe kwamba kikomo ni kilo 20 na mizigo hupimwa getini, na kwamba wao wenyewe wasimame pale waitazame mizani.

Linki yao ilikaa katikati ya maelezo ya maandalizi, na waliiita "maelezo ya mwongozaji kuhusu Machame". Hakuna neno la bei. Ilianza kutuletea watu papo hapo, wakibofya na kuuliza maswali ya maana, wakati kwenye Google bado tulikuwa tumezama. Huo ndio ubora ninaoupigania hadi leo: linki ambayo ingekuwa na faida hata injini za utafutaji zisingekuwepo. Zile za kamari nilizishughulikia kwa kuwaandikia wenye tovuti wazitoe, na Oktoba Google walipotoa zana ya kukana linki, yaani kuwaambia wasizihesabu, zilizobaki nikaziorodhesha humo. Kupanda tena kulichukua muda mrefu, kwa sababu miaka ile Penguin ilikagua tovuti upya kwa vipindi tu. Ni 2016 ndipo ilipoanza kufanya kazi mfululizo.

Wale wa Scotland wakaandika tena wakiomba mchoro wa Lemosho, njia nyingine ya Kilimanjaro. Mzee alikubali kwa sharti moja: suala la kilo 20 liwekwe kwenye kila ukurasa wa njia, si kwenye barua tu. Mama akasema liwekwe.