Maumivu ya Kiuno, Korodani Iliyovimba na Maziwa Mabichi

Tangu malaria ipungue sana Unguja na Pemba, homa za watu wazima zisizo na sababu ya wazi zinahitaji kufikiriwa upya, na bruselosi ni miongoni mwa magonjwa tunayoyasahau mapema mno. Mtu huambukizwa na ng'ombe, mbuzi au kondoo, kwa kunywa maziwa mabichi au kwa kushika uchafu wa mnyama aliyetupa mimba. Tumezoea kuutambua ugonjwa huu kwa homa ya kupanda na kushuka na jasho la usiku, lakini mgonjwa anaweza asiitaje homa kabisa, akaja analalamikia kiuno tu.

Bakteria wa bruselosi hupenda pingili za chini za uti wa mgongo. Eksirei ikionesha pingili zilizolika, tabibu hufikiria kifua kikuu cha mifupa, na ana haki ya kufikiria hivyo. Kinachonitia hofu ni kinachofuata: rifampisini iliyomo katika dawa za kifua kikuu huwadhoofisha pia bakteria wa bruselosi, mgonjwa akapata nafuu kidogo, na nafuu hiyo ikachukuliwa kuwa ushahidi wa kifua kikuu, ilhali anahitaji doksisaiklini kwa wiki 6 kwa uchache, na kwa miezi 3 au zaidi ugonjwa ukiwa umeingia mgongoni, pamoja na rifampisini kwa muda huohuo au jentamaisini kwa siku 7 hadi 10 za mwanzo tu.

Kwa wanaume kuna korodani. Pemba, ambako matende na mabusha yanajulikana tangu zamani, aliyevimba huambiwa ni busha au mshipa, naye kwa kuona haya hunyamaza. Busha hukua taratibu na kwa kawaida haliumi sana. Korodani ya bruselosi huuma, aghalabu upande mmoja, na huandamana na homa. Nilimuuliza mzee mmoja mfugaji, "Baba, ng'ombe wako hajatupa mimba karibuni?" Akanitazama kwa mshangao. "Mwanangu, ninayeumwa ni mimi, ng'ombe anahusu nini?" Kisha akakumbuka kwamba alikuwapo mmoja, na kondo la nyuma alilivuta mwenyewe kwa mikono mitupu.

Mara chache ugonjwa hufika kwenye vali za moyo, na hapo ndipo unapoua zaidi.

Damu ikipelekwa maabara ili bakteria waliomo waoteshwe na kutambuliwa, fomu itaje kuwa bruselosi inashukiwa, kwani bakteria wa bruselosi huchelewa kuota, na mhudumu wa maabara asiyejua anachokishika anaweza kuwavuta kwa pumzi.